Kwanza Ilikuwa Mpira

Mama yangu aliuza mkufu wake wa kwanza hapa Kampala kwa shilingi elfu moja. Alitaka elfu kumi.

Ilikuwa Kabalagala, mwanzo wa 2009, tukiwa na miezi miwili tu mjini. Mimi nilikuwa na miaka 7, nimebeba mfuko wa hereni na bangili nyuma yake. Mwanamke mmoja alishika ule mkufu, akauliza kwa kiganda, “Ssente mmeka?” Mama alikuwa amesikia wachuuzi wakipiga kelele “lukumi, lukumi”, na kwa masikio yake ya Kiwanja, Rutshuru, ndani ya “lukumi” mlikuwa na “kumi”. Akajibu bila wasiwasi, “Lukumi.” Yule mama akacheka, akatoa noti moja ya elfu, akavaa mkufu palepale. Mama akaanza kukataa kwa kiswahili, akaenda kifaransa, akarudi kiswahili. Watu wakajaa. Na wote walikuwa wameisikia bei ikitoka kinywani mwake mwenyewe. Kumbe kwa kiganda lukumi ni elfu moja. Elfu kumi ni mutwalo.

Ule mkufu hatukuwa tumeununua. Tulikopa kwa mama mmoja Mkongomani wa Katwe, na alitaka elfu sita zake jioni. Basi siku hiyo tulifanya kazi kutoka asubuhi tukarudi nyumbani na deni la elfu tano.

Nimeanza na hilo juu kila nikisoma ripoti kuhusu wakimbizi wa Kampala, zinaanza na msaada: nani alipewa, nani hakupewa, kiasi gani. Ni mambo ya kweli. Lakini mimi nafanya kazi na vijana, katika kikundi kidogo cha mtaani upande wa Masajja, na vijana hao wanaamini kwamba kila shirika duniani lilikuja na ndege, likapewa Landcruiser, halafu ndipo likaanza kututafuta. Mwezi uliopita nilimwambia kijana mmoja kwamba YARID ilianzishwa na Wakongomani kama yeye, na kwamba ilianza na mpira. Akaniuliza, “Kaka, mpira gani? Mradi wa mpira?” Hapana. Mpira wa kuchezwa. Akanitazama kama namdanganya. Ndiyo maana naandika. Mimi si mfanyakazi wa YARID, na hakuna mtu wao aliyeniomba.

*

Kwanza, ndugu msomaji uliye Nakivale au Kyangwali, unaweza kujiuliza watu wanatafuta nini Kampala, mahali ambapo hakuna mgao wa chakula, hakuna shamba, na chumba unakilipia kila mwezi. Sisi tulivuka Ishasha mwisho wa 2008, wakati wa vita ya Nkunda. Wengi tuliovuka nao walipelekwa Nakivale. Sisi tulipanda basi juu mjomba alikuwa Katwe, na mama alikuwa mfanyabiashara, hajawahi kulima hata mstari mmoja wa maharage. Wengine walikuja kwa sababu ya hospitali. Wengine walikimbia mtu fulani, na huyo mtu pia yuko kambini. Kila mmoja ana sababu yake na hapendi kuulizwa sana.

Uganda imepokea wakimbizi tangu zamani. Wakati wa vita vikuu vya pili, Waingereza walileta huku maelfu ya Wapolandi, wakawaweka Nyabyeya kule Masindi, na Koja kando ya Ziwa Victoria. (Nikiwaambia vijana kwamba wazungu waliwahi kuishi kambini Uganda, hapo ndipo darasa linaamka.) Halafu, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, walikuja Wanyarwanda, na Nakivale ikafunguliwa. Mwaka 1960 ikatungwa sheria ya kudhibiti wakimbizi wageni, na kwa sheria hiyo mahali pa mkimbizi palikuwa ndani ya makazi aliyopangiwa. Ukitoka unahitaji ruhusa. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40. Watu waliishi Kampala hivyohivyo, lakini waliishi kama mtu aliyeingia arusini bila kadi: unakula haraka, husemi kwa sauti.

Mwaka 2006 Bunge la Uganda lilipitisha sheria mpya ya wakimbizi, ile inayosifiwa kila mkutano. Ilimpa mkimbizi haki ya kutembea nchini na haki ya kufanya kazi. Kanuni zake zikatoka 2010. UNHCR nayo ilikuwa na sera yake ya 1997 iliyowatazama wakimbizi wa mjini kwa jicho la mashaka, na haikuibadilisha mpaka Septemba 2009, ilipokubali kwamba mji nao ni mahali halali pa mkimbizi kuishi na kulindwa. Kwa hiyo katikati pale, kati ya 2006 na 2010, kulikuwa na wakati wa ajabu. Karatasi zilikuwa zinabadilika, lakini mtaani hakuna kilichobadilika. Na maelewano ya siku zote yalibaki vilevile, ingawa hakuna aliyekuja kuyasoma mlangoni: anayetaka msaada aende kwenye makazi, anayebaki Kampala ajitegemee.

Kujitegemea. Neno zuri. Mama alijitegemea siku ile Kabalagala.

*

YARID ilianza 2007. Jina refu ni Young African Refugees for Integral Development, yaani vijana wakimbizi wa Afrika kwa ajili ya maendeleo kamili. Walioianzisha walikuwa vijana Wakongomani wa hapahapa Kampala, na anayejulikana zaidi kati yao ni Robert Hakiza, aliyesomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu. Kilimo, halafu maisha yakamleta kwenye mji ambao hata nafasi ya kuanika nguo unagombania na jirani.

Hawakuanza na mradi. Walianza na tatizo lililokuwa mbele ya macho yao: vijana wengi, kazi hakuna, shule hakuna, kutwa wamekaa. Na kila taifa limekaa peke yake. Wasomali Kisenyi, Wakongomani Katwe na Nsambya na Makindye, Wasudani kwao, Warundi na Wanyarwanda kila mmoja kwa woga wake. Sisi tunaojua kwetu tunajua pia vile chuki inavuka mpaka bila kuonyesha kitambulisho. Basi wakatafuta mpira, wakaita vijana wacheze. Mpira hauhitaji pesa nyingi wala barua ya utambulisho.

Na hapo uwanjani ndipo waligundua kitu kingine: watu hawaelewani. Huyu anaita pasi kwa kifaransa, yule anajibu kwa kisomali, mwingine kiarabu. Kucheza mnaweza kucheza. Lakini mchezo ukiisha mnakaa kwenye nyasi na hakuna la kusema. Lugha iliyoweza kuwaunganisha, na ambayo mji wenyewe ulitumia ofisini na dukani, ilikuwa kiingereza, na wengi hawakuwa nayo. Darasa la kiingereza la YARID lilitoka hapo. Baadaye wakaja akina mama, ikaja kompyuta, ikaja ushonaji na kazi za mikono. Mwaka 2013 walipata tuzo ya Ockenden International, inayotolewa kwa miradi ya kujitegemea ya wakimbizi na waliohamishwa. Miaka sita kutoka mpira mpaka tuzo ya kimataifa. Kwa vijana wangu hiyo ndiyo sehemu wanayoipenda. Mimi napenda zaidi ile miaka sita.

Hawakuwa wao peke yao. Jesuit Refugee Service wamefundisha wakimbizi wa Kampala miaka mingi. Refugee Law Project ya Makerere, iliyoanza 1999, ilikuwa na masomo yake ya kiingereza kwa watu wazima. Ndejje kuna Hope of Children and Women Victims of Violence, nayo ilianzishwa na Mkongomani. Na kuna vikundi vidogo visivyo na jina hata moja la kiingereza, vya kanisani, vya sebuleni. Mama yangu alisomea kimojawapo cha hivyo.

Kilikuwa ndani ya kanisa la mabati Katwe, Jumanne na Alhamisi jioni, baada ya watu kumaliza kutembeza. Mwalimu alikuwa papa mmoja aliyefundisha kifaransa kule Uvira. Kiingereza chake mwenyewe kilikuwa cha miaka miwili. Alikuwa mbele yetu kwa kurasa chache tu, na hakuficha. Nakumbuka hakuanza na salamu wala na A, B, C. Alianza na pesa. Aliandika ubaoni namba kwa lugha tatu, kiswahili, kiingereza, kiganda: mia ni kikumi, elfu ni lukumi, elfu kumi ni mutwalo. Akasema, “Wamama, mimi si mwalimu wa kiganda, lakini bila hii mutalala njaa na mali iko mikononi.” Mama akacheka mpaka akatoa machozi, halafu akasimama akasimulia habari ya mkufu mbele ya watu wote. Kumbe nusu ya darasa walikuwa na hadithi yao. Mmoja aliuza kitenge cha mita sita kwa bei ya mita mbili.

Baada ya namba alifundisha namna ya kukataa. Namna ya kusema hii ndiyo bei ya mwisho. Namna ya kusema rudi kesho, sina chenji, hii si yangu nimekopa. Sarufi ilikuja nyuma, kama ilikuja.

*

Sasa nieleze jinsi familia inavyopanda, juu ndiyo hasa nilitaka kusema, na ndiyo sehemu ambayo ripoti huipita kwa sentensi moja.

Unaanza na kukopa mali. Mwenye duka la jumla anakupa vitenge vitatu asubuhi, unaviweka begani, unatembea Kansanga, Bunga, mpaka Ggaba, unaingia ofisi na saluni. Jioni unarudisha pesa yake au kitenge chake. Faida ni yako, lakini ni ndogo, na inaliwa usiku huohuo: ugali, sombe, mafuta, mkaa. Ukiugua siku mbili hujapanda wala hujashuka, umeanguka. Na kuna wale wa kufukuza wachuuzi barabarani. Wakichukua mali, wamechukua mali ya mtu mwingine, na deni linabaki kwako.

Hatua ya pili ni kununua mali kwa pesa yako mwenyewe. Inaonekana ndogo, lakini kati ya hatua ya kwanza na ya pili mama alitumia karibu miaka miwili. Kilichomvusha ni likelemba. Wakongomani wote wanaijua: watu kumi, kila wiki kila mtu anatoa kiasi kilekile, na kila wiki mmoja anabeba yote. Waganda nao wana nigiina, Watanzania wanaita upatu. Hakuna aliyeileta kwa ndege. Ugumu wake ni kwamba ukiwa wa kumi, unasubiri wiki kumi, na shida haijui zamu. Ugumu mwingine ni wa kwetu wakimbizi tu: aliyekwisha kubeba anaweza kuitwa kwa safari ya Marekani kabla hajamaliza kuwalipa wenzake.

Ilitokea kwetu. Mama mmoja wa kikundi alibeba wiki ya tatu, wiki ya tano akapigiwa simu, ndege ni siku kadhaa tu. Miaka mitano alikuwa anasubiri simu hiyo. Watu wakanyamaza, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutaja pesa. Usiku kabla ya kuondoka alikuja na boda mbili, kwenye moja amekaa yeye, kwenye nyingine imefungwa cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu. Akasema, “Hii ndiyo deni yangu. Nikishatuma pesa mutaiuza ao mutabaki nayo, ni nyinyi.” Alituma baada ya miezi minne. Hawakuiuza.

Kuna aina nyingine ya akiba ambayo wengi wenu huko kwenye makazi mnaijua, ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Hiyo ina historia yake: ilianza Maradi, Niger, mwaka 1991, kwa wanawake waliofanya kazi na shirika la CARE, wakaiita Mata Masu Dubara. Ikaenea Afrika nzima. Funguo tatu wanashika watu watatu tofauti, na sanduku anakaa nalo wa nne, hivyo hakuna anayeweza kufungua peke yake. Kila mkutano unanunua hisa, kutoka moja hadi tano, kadiri ya uwezo wako wa wiki hiyo. Anayehitaji anakopa kutoka sandukuni na kurudisha na riba kidogo. Pembeni kuna mfuko wa shida, kwa msiba na ugonjwa. Mwisho wa mzunguko, kama mwaka, mnavunja sanduku na kila mtu anapata hisa zake na sehemu ya riba. Tofauti na likelemba ni kwamba mwenye wiki mbaya hanunui hisa tano, ananunua moja, na hafukuzwi. Kwa mtu anayetembeza barabarani, hilo ndilo jambo. Benki kwa wakati ule hatukuiwaza kabisa. Wengi wetu tulikuwa na karatasi ambayo mtu wa kaunta hakuwahi kuiona.

Mama alinunua meza sokoni. Halafu alijifunza kushona, na hapo mambo yalibadilika kweli, maana Waganda wanapenda mshono wa Kikongomani wa kitenge, na hapo kwa mara ya kwanza kuwa Mkongomani kulikuwa faida. Mwaka niliofika darasa la saba tulihama kutoka muzigo wa chumba kimoja tukaingia vyumba viwili. Nilimaliza sekondari kwa ada iliyotoka kwenye mashine na sanduku. Chuo haikutosha.

*

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa utafiti kuhusu uchumi wa wakimbizi Uganda. Walikuta kwamba Kampala asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara iliyomwajiri angalau mtu mmoja mwingine, na kwamba kati ya walioajiriwa asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Namba hiyo ilizunguka dunia, na niliifurahia niliposikia, juu jirani zetu walikuwa wanasema tunakula kazi zao. Niliitumia hata katika kubishana kwenye boda.

Lakini namba inaweza kukugeuka. Nimekaa kwenye mikutano ambapo mtu anaitaja, halafu anamaliza hivi: basi wa mjini wanaweza. Hao 21 wanaweza. Na hao 79? Na hata huyo mwenye cherehani na msaidizi mmoja, hakufika hapo kwa sababu mji ni mzuri. Alifika kwa sababu kulikuwa na papa wa Uvira aliyefundisha bila mshahara, na wanawake tisa waliotoa kila wiki. Kazi hiyo haikuandikwa popote kama msaada, kwa hiyo haihesabiwi, kwa hiyo ikifa hakuna atakayejua kimepungua nini.

Mei 2016, kwenye mkutano wa Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya pesa za misaada ya dharura zitafika kwa mashirika ya wenyeji wa mahali, kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka uliofuata Hakiza alisimama Arusha kwenye jukwaa la TED akieleza kwamba mkimbizi anahitaji kuwezeshwa zaidi ya kupewa. Watu walipiga makofi. Mwaka 2020 ulifika na ile asilimia haikufikiwa.

Kwa nini? Nimejaza fomu, naweza kusema. Wanataka uwe umesajiliwa, na kusajiliwa kuna ada na kuna safari za ofisini. Wanataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Kikundi cha kanisa la mabati kina daftari. Wanataka ripoti kwa kiingereza cha aina fulani, kiingereza ambacho hata Waingereza sidhani wanakitumia nyumbani kwao. Mwisho pesa zinapewa shirika kubwa, shirika kubwa linatuita sisi “kuhamasisha jamii”, tunapewa nauli na soda, na picha zinapigwa.

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, sisemi kwamba mna nia mbaya. Na wenzangu nao wasifikiri nawasafisha. Tuna mashirika ya mkobani, yaani shirika ni mtu mmoja na muhuri wake. Najua moja, ambalo sitalitaja, lililochukua elfu ishirini kwa kila familia ili “kuandikishwa kwa safari”, halafu simu ikazimwa. Shangazi yangu alikuwa kwenye orodha. Mambo kama hayo ndiyo yanampa mfadhili sababu ya kuomba hesabu za miaka mitatu, na mimi ningeomba pia. Ninachouliza ni kwa nini mwizi mmoja mwenye muhuri anatosha kutufungia mlango sote, wakati huko juu nako pesa zimepotea mara nyingi na hakuna aliyesema basi mashirika makubwa yafungwe.

*

Halafu 2020 yenyewe. Mwezi wa tatu magari ya abiria yalisimamishwa, masoko yakabaki ya chakula tu, kutembea kukakatazwa. Mtu anayekula faida ya siku hiyohiyo hana kesho. Mwezi wa nne serikali ilianza kugawa chakula kwa watu wa Kampala na Wakiso waliopoteza kipato, kilo 6 za unga na kilo 3 za maharage kwa kila mtu. Wakimbizi wengi wa mjini walijikuta nje ya hesabu hiyo, na mgao wa makazini haukuwa wao pia, maana walikuwa wamechagua kujitegemea.

Waliozunguka mitaani ni vikundi vya wakimbizi wenyewe, YARID kati yao, na chakula na sabuni. Walijua nani anaishi wapi. Hakuna uchunguzi uliohitajika. Waliohudhuria darasa mwaka jana walikuwa kwenye simu zao. Katika mtaa wetu mama alishona barakoa kwa mabaki ya vitenge, akauza, halafu zikawa nyingi sokoni akaacha. Sanduku letu lilivunjwa kabla ya wakati wake. Hakuna aliyelalamika. Kila mtu alichukua hisa zake akala. Meza ya sokoni ilipotea palepale, na ada ya dogo wangu ya mwaka huo pia. Alirudi shule akiwa mkubwa kuliko wenzake wote wa darasa, na hapendi nikiandika hilo, lakini nimemwomba.

Nikisema basi kwamba familia yetu ilitoka kwenye umaskini, ni tarehe gani niweke? 2013, tulipohama chumba? 2020 tulirudi. Tulipanda tena 2022, tukiwa na cherehani ileile.

Na sasa tena. Januari 2025 Goma ilianguka, Februari Bukavu, na watu wapya wanashuka kwenye mabasi kila wiki. Mwaka huohuo pesa za misaada zilikatwa, na Shirika la Chakula Duniani likasimamisha mgao wa watu wapatao milioni moja kwenye makazi. Wengine wenu mlio Rwamwanja na Kyaka mnajua hilo kwa tumbo. Matokeo yake tunayaona Masajja: familia zilizokaa kambini miaka kumi zinakuja Kampala kujaribu. Wamama wanauliza bei ya chumba na wapi pa kukopa mali.

Darasa letu ni Jumamosi, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Hatuna mfadhili wa darasa. Tuna ubao, chaki ananunua anayekumbuka, na ile cherehani ya yule mama, iliyohamia kwenye kikundi cha vijana. Wasichana saba wanaigombea, wamepanga zamu ya dakika arobaini kila mmoja, na mkanda wake umekatika mara mbili mwaka huu. Kiingereza nafundisha mimi. Namba anafundisha mama, hataki mtu mwingine azifundishe.

Jumamosi iliyopita walikuja wapya watatu, wawili wa Goma na mmoja kutoka Nakivale. Yule wa Nakivale aliuliza kama kuna fomu ya kujaza. Mama akamwambia akae mbele, akaandika ubaoni lukumi, akamwuliza, “Hii ni ngapi?”

“Kumi,” akajibu.

Wale wa zamani wote wakacheka, naye akatazama huku na huku bila kuelewa. Mama akaanza kusimulia habari ya mkufu. Alikuwa hajafika mwisho wakati mzee wa kanisa alipogonga mlango, saa sita, kwaya inataka chumba.